Picha ya Nge

Jumapili, 2 Juni

Mawingu yameondoka. Baada ya chakula nimeitoa mashine ya marehemu uani. Haizidi mche wa sabuni ya kufulia. Kazi yake ni moja: kuizungusha kamera polepole, kwa mwendo wa mbingu, ili lenzi izitazame nyota zile zile kwa dakika nzima bila kuachwa nyuma.

Mume wangu aliinunua mwaka wake wa mwisho. Alitaka picha moja tu — Nge, lile kundi la nyota, mzima tangu makucha hadi mkia, na ule mkanda mweupe wa nyota nyuma yake. Hakuipata. Mwanangu aliponitaka nihamie kwake mjini, nilimjibu: picha ya baba yako ikitoka, nitakuja. Aliridhika. Alidhani ni kazi ya wiki moja. Yapata mwaka sasa.

Leo pia nyota zote zimetoka na mikia. Kila moja kijistari, kama mvua ya upepo.

Jumatatu, 3 Juni

Fundi saa amepita. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo utani wake ni wa shemeji na hauna kizuizi. Aliiweka mashine sikioni. Inatembea, alisema, lakini ni saa gani hii isiyo na mishale?

"Shemeji, wenzako wanalea wajukuu, wewe unalea nyota."

"Kunywa chai yako uende."

Akaigeuza, akafika kwenye swichi ya ubavuni. Swichi hiyo ni legevu, nami hufuta vumbi kila siku. Ndiyo maana marehemu aliibandikia selotepu na kuandika juu yake kwa kalamu nyeusi: USIGUSE. Fundi alitaka kuibandua. Nilimkataza. Akacheka, akasema hata kaburini mwenzangu bado ananipangia kazi.

Alipoondoka niliosha vikombe viwili. Siku nyingi sijaosha viwili.

Jumanne, 4 Juni

Mwanangu amepiga simu. Chumba changu kimepakwa rangi ya samawati. Mjukuu ndiye aliyeichagua. Picha je? Bado. Akashusha pumzi.

"Mama, nyota hazikimbii. Zitakungoja."

Zinakimbia, nilimwambia. Ndiyo shida yenyewe.

Ni mtoto mwema, na mke wake ananiheshimu. Lakini nimewahi kulala kwao. Mbele ya dirisha kuna kituo cha mafuta, na mwezi wenyewe ulionekana kama taa mojawapo ya kituo. Hapa nina ua, giza, na kiti cha pili ambacho hakuna anayeniuliza kwa nini sikiondoi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya uzembe, na uzembe umenifunza. Betri ya mashine ilikuwa imekwisha, sikujua, nikapiga picha vivyo hivyo. Mikia imetoka — lakini mifupi, nusu ya ile ya kila siku. Nimezilinganisha picha mara kadhaa. Mashine iliyolala imefanya vizuri kuliko mashine iliyo kazini! Maana yake ni moja: siku zote inazunguka kinyume.

Nimekisoma upya kitabu cha maelekezo. Swichi ina upande wa kaskazini na upande wa kusini, kwa kuwa sisi wa kusini huiona mbingu ikizunguka kwa mkono mwingine. Mchoro wa kitabu ni wa kaskazini. Marehemu aliufuata mchoro, kisha akabandika.

Maisha yetu yote nilimsahihisha: barua zake, hotuba zake, hata salamu zake. Onyo hili la selotepu peke yake nililitii.

Ijumaa, 7 Juni

Mbingu safi kabisa. Sikutoka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeibandua selotepu. Ilitoka polepole, na wino wake umebaki kidoleni. Swichi nimeisogeza upande wa kusini. Nimeielekeza mashine kwa dira, nikafungua lenzi dakika mbili, nikasubiri.

Nge mzima. Nyota zote ni nukta. Hakuna yenye mkia ila yeye mwenyewe. Nyuma yake ule mkanda mweupe, kama unga uliomwagika. Niligeuka kumwonyesha mwenzangu. Kiti.

Hapo hapo simu ikalia. Mwanangu.

"Shikamoo, Mama. Vipi leo, imetoka?"

Nilisema asubiri kidogo, nizime mashine kwanza. Akasema sawa, hana haraka.

Simu iko mezani, bado iko hewani. Namsikia mjukuu akiuliza kama Bibi anakuja, na baba yake akimwambia anyamaze, Bibi yuko kazini. Sasa mtoto ananong'ona: aje na ile mashine, nitamshikia tochi. Wote wawili wananisikiliza.

Mashine inazunguka. Sijaizima.