Yustina na Karoti Zangu

Mpwa wangu Editha, huko Dumila,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mgeta mvua ipo, na karoti zangu mwaka huu usiulize: moja tu ingeshibisha harusi nzima. Ingeshibisha, nasema, kwa sababu mwanao Yustina ameshang'oa matuta mawili.

Mimi niliyezuia lori la kabichi kwa bega pale mteremkoni, leo mtoto wa miaka minne amenishinda! Nimemkemea, nimembembeleza kwa maandazi. Kesho yake yuko shambani tena, anang'oa, anatazama, anatupa. Majirani wanasema ni utundu. Mimi sielewi, maana ndani hajavunja hata kikombe.

Juzi nikamuuliza, "Mjukuu wangu, karoti zimekukosea nini?"

"Babu, si ulisema mama atarudi karoti zikikomaa? Naangalia. Bado ndogo."

Kweli nilisema, siku ile ulipopanda gari naye akilia. Nilitaka anyamaze tu.

Sasa limebaki tuta moja, nalo litakomaa wiki ijayo. Nimwambie nini?

Mjomba wako,
Kasimiri