Mchezo wa Redio na Watoto wa Kizuka

Rumonge

Mama yangu mpendwa,

Amahoro, amani kutoka upande huu wa ziwa. Je, miguu yako imepungua kuvimba? Na Bibi, anakula vizuri huko Uvira? Mimi na Shangazi tuna uzima.

Uliuliza kama bado nasoma. Shule imefungwa, madarasani wanalala watu waliokimbia vita kijijini Kizuka. Masomo tunayapata kwa redio ya Shangazi, uani kwake, pamoja na watoto wa majirani na watoto wa hao waliokimbia. Lakini mwalimu wa redio hakuoni. Anauliza, ananyamaza kidogo, kisha anajijibu mwenyewe. Watoto walikuwa wanasinzia, wengine wanafinyana.

Ndipo nikatunga mchezo. Nilichora viwanja vya namba mchangani. Mwalimu akiuliza hesabu, kila kundi linakimbilia kiwanja cha jibu lake. Mwanzoni wakubwa walishinda kila mara na wadogo wakachoka, basi nikabadilisha: kundi lisiondoke mpaka mdogo wao atamke jibu. Mdogo wa kundi langu ni Neema wa Kizuka, ambaye hata meno ya mbele hana. Wakubwa wakaanza kuwafundisha wadogo kabla redio haijawashwa. Hata Shangazi, anayesema nimezaliwa direktere, mkuu wa shule, alikuwa anaacha mawese yake motoni aje kutazama.

Shida iliyobaki ni wajanja waliohama kiwanja wakishasikia jibu. Juzi nikachukua kifuniko cha sufuria na kijiko, nikasema nikipiga, hakuna kuhama tena. Nikapiga kwa nguvu.

Watoto wa Kizuka hawakulia. Walikimbia wote kwenye michikichi, wakubwa wamebeba wadogo, bila neno, kama waliofunzwa. Sisi wengine tulibaki tumesimama kwenye viwanja vyetu, na redio inaendelea kuhesabu.

Mama mmoja akaja mbio kutoka shuleni, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Wamefika wapi?"

Nikamwambia hakuna aliyefika, tunacheza. Alikitazama kifuniko mkononi mwangu.

"Binti, kwetu hiyo si muchezo. Sufuria ikilia, ni kusema kimbieni, iko watu wanakuja kuua."

Mama, nilikitupa kifuniko, nikakimbilia michikichini.

Tulitafuta mchana kutwa. Wote walipatikana isipokuwa Neema. Jua likishuka, Shangazi alimkuta chini ya matawi yaliyokatwa, kifudifudi, vidole masikioni. Alimuuliza Shangazi kwa kunong'ona, "Mama yangu naye amepata kukimbia?" Mama yake hakutoka hai Kizuka.

Nilidhani hawatarudi mchezoni. Jana wakarudi, Neema nyuma yao, amesimama mbali ukutani. Nikawaomba wao wenyewe wachague ishara. Wakachagua mkono juu, bila sauti. Swali la tatu, Neema akanijia, akaniwekea jibu sikioni. Lilikuwa sahihi, tukakimbia naye.

Tangu hapo hakuna anayepaza sauti, ingawa sikuwakataza. Ua umejaa watoto wanaokimbia, na mtu akipita njiani anasikia redio tu. Natumaini nitakuwa bado hapa siku watakapogombana tena kwa kelele.

Nisalimie Bibi, kaka yangu mkubwa huko gereji, na jirani mshonaji; mwambie yunifomu bado inanitosha. Ziwa likiwa na usalama nitavuka nije.

Mwanao anayekuwaza,
Faida