Majani ya Chini ya Kikapu

Kemunto mjukuu wangu,

Hapa Gesima sote ni wazima, mvua ipo na ndizi zimekomaa. Unaniuliza juu ya kazi yako ya kuwafundisha wagonjwa mahututi kujihudumia tena. Mama mmoja anasema ana nguvu, anataka umketishe ajichane nywele, lakini majibu ya maabara yanasema damu yake imepungua sana. Umwamini nani?

Nilipokuwa msichana nikichuma majani chai, mama yangu hakuamini kikapu cha mtu, hata changu. Juu majani yalikuwa mabichi, tena baridi. Yeye alitumbukiza mkono mpaka chini. "Huku yanaungua," akasema, akatoa majani yaliyoanza kuwa mekundu kwa joto la kushindiliwa.

Tabasamu la mgonjwa ni majani ya juu. Soma majibu kabla hujamwinua. Nayo majibu usiyaamini upesi: uliza kama damu ilitolewa leo au jana, kisha muulize daktari. Huyo mgonjwa wako akinuna, mchane wewe akiwa amelala.

Sasa rudi juu ya barua hii. Nimekuambia sote ni wazima, nawe ukapita tu. Njoo nyumbani, utie mkono mpaka chini.

Nyanya yako,
Moraa