Chumba Chako Kilipogeuka Ofisi

Mama yangu uliyetangulia,

Bado nakaa chumbani kwako. Kitanda nilikirudisha, lakini meza ya kazi haijaondoka, maana hapa Garsen mtandao unashika vizuri kwenye dirisha hili tu. Ulinipa chumba hiki mwenyewe, siku ile kampuni ilipofunga ofisi yake ya Nairobi na kutuambia kila mtu afanyie kazi alipo. Ulifurahi hadi ukalia. "Mwanangu karudi, na kazi yake kaja nayo!" uliwatangazia majirani, ukatoa kitanda chako, ukahamia sebuleni na mkeka.

Wiki ya kwanza tu ukanitia haya. Nilikuwa mkutanoni, ukaingia na birika, ukaona nyuso za watu kwenye kompyuta. Wewe na wageni tena! Ukawasalimu mmoja mmoja, "Hujambo mwanangu? Kwenu hawajambo?" hadi ukawamaliza wote tisa, kisha ukawakaribisha chai. Walicheka kwa mapenzi, Mama, leo najua. Siku ile niliona aibu. Nikakwambia, "Mlango ukifungwa, hapa ni ofisini. Piga hodi, na nisipojibu usiingie."

"Makubwa! Nipige hodi chumbani kwangu?" Ulicheka, lakini ulilishika neno langu. Ukawa unawanyamazisha hata wageni wako: "Taratibu, yuko ofisini." Nami, Mungu anisamehe, nilipenda.

Siku ile ya joto kali nilikuwa nimevaa hedifoni, nasikiliza malalamiko ya wateja. Ndiyo kazi yangu, kuwauliza watu nisiowajua, "Nikusaidie nini?" Bi Hawa, jirani anayetuletea maziwa, alikukuta mlangoni pangu umeshika ukuta. Aliniambia baadaye, tukiwa wawili tu. Ulipiga hodi mara tatu. Yeye akataka kuusukuma mlango, ukamzuia. "Hodi tatu zatosha. Ana watu. Ni kizunguzungu tu, nitajilaza." Akakulaza mkekani, akaenda zake.

Saa tisa nilitoka kunywa maji. Nikakuona umelala, nikanyata nisikuamshe. Nilijiona nina adabu! Nikarudi, nikafunga mlango. Jua lilikuwa linazama nilipokugusa.

Siku hizi mlango hushinda wazi. Katikati ya simu nasikia hodi yako, ile ya chini chini, navua hedifoni naitika, "Karibu, Mama!" Mteja huniuliza naongea na nani. Bi Hawa asema nihame, nikapange nyumba Malindi, kwani kazi si yafuatana nami? Yafuatana, ndiyo. Na wewe je, utanifuata? Naogopa kuisikia hodi yako, Mama, na naogopa zaidi nisiisikie tena.

Kuna jambo jingine. Matangani, waliokuja kutoka Minjila na hata Kipini walinishika mkono wakasema, "Bora wewe, ulirudi ukakaa na mamako hadi dakika ya mwisho." Nikaitikia, "Alhamdulillahi." Mpaka leo wananitolea mfano kwa watoto wao walio mbali. Sifa hiyo imenishinda kuibeba. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, waisome, wajue kwamba nilikuwa nyumbani, na ulikufa peke yako.

Mungu akurehemu, Mama. Radhi yako naiomba hapa, mbele yao wote.

Mwanao wa pekee