Nilipeleka Ordinateri Yetu kwa Kambale

Kaka Bahati,

Nasikia haya hata kuandika jina yako hapa juu. Nilipeleka ordinateri yetu, ile kompyuta ya studio, kwa Kambale. Afazali uisikie kwangu miye dada yako, kuliko kuisikia kwa watu wa Mweso.

Usikasirike kwanza. Sikia namna ilikuja.

Mama Nyota, ule mulimaji wa maharagi wa kule ku kilima, alikuja ku studio yetu ya video. Binti yake Nyota, ule tulichukua video ya ndoa yake, alikufia mu njia wakati watu walikuwa wanakimbia vita. Nyumba yao iliungua, hakuna foto hata moja ilibaki. Alisema tu: "Furaha, unionyeshe mutoto wangu akicheza."

Video ilikuwa ingali mu ordinateri, vipande vipande. Weye ulikufa mbele ya kumaliza montaji, kuunganisha vile vipande. Nikajaribu kuimaliza. Ordinateri ikavuta, ikavuta, essence ya groupe, ile mashini ya umeme, inaisha, kila kitu kinazima, naanza tena. Na Mama Nyota anakaa pale ku kiti, ananiangalia. Kaka, nilitamani ardhi inimeze.

Nikakumbuka uliniambiaka: "Prosesere, ile ubongo ya ordinateri, hauichagui weye. Karte-mere njo inaichagua." Nikafungua kasha, nikasoma jina ya karte-mere, ile kibao kubwa yenye kushika vyote. Nikaangalia kikao ya prosesere, pale inaingizwa, iko ya aina gani, na kama alimantasyo itaweza kuilisha umeme. Muchuruzi mumoja wa Butembo akaniletea prosesere ya okazyo, yenye ilishatumika lakini yenye nguvu, ya ile aina inakubali kuongezwa mwendo. Iliingia vizuri bila kuilazimisha. Nikawasha. Vantilateri ikazunguka, ekra ikabaki nyeusi. Nikarudisha ya zamani, ikawaka. Nikaweka mupya tena: giza.

Mu Mweso yote, mwenye kujua ule ugonjwa ni mumoja tu: Kambale, ule mulikuwa munafanya naye kazi ku studio. Na weye ulikuwa unasema alikuacha siku ya vita, ukatuachia neno: "Kambale asikanyage hata ku kilio yangu." Tulikutii. Alikuja na gunia ya maharagi, machozi ku macho, wajomba wakamurudisha pa mulango. Miye nilikuwa nasimama pale. Niliangalia chini.

Sasa nikabeba kasha ku kichwa, nikapita katikati ya soko. Mama mumoja muuza mboga ya sombe akaniuliza kwa sauti: "Unapeleka kitu ya Bahati kwa nani?" Nikaharakisha miguu. Shingo yote ilikuwa inaniwaka.

Kambale hakunikumbusha kilio. Alipangusa mikono, akagusa kasha pale ilibonyea. "Hapa ilipigwa wapi?"

"Mu pori. Kaka aliibeba mugongoni mupaka Ntoto, siku ile tulikimbia."

Akaweka kasha ku meza. Kisha akasema: "Kumbe aliifikisha."

Shida ilikuwa BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya karte-mere. Ilikuwa ya zamani, haikujua prosesere ya vile. Kambale akaweka kwanza prosesere ya zamani, akajaza groupe essence kusudi umeme isikatike katikati, akabadilisha BIOS. Alafu akaweka mupya, akapaka pati ya kupoza ya kutosha, akafunga vantilateri kubwa kuliko yetu. Ekra ikawaka. Nililia, kaka. Mbele yake.

Akanifundisha kuongeza mwendo. "Kopia video yote pembeni kwanza. Ongeza kidogo, uipe kazi nzito, uangalie moto. Ikikaribia digrii makumi nane, shuka. Ikikwama, shuka. Na volti usiiguse, ile njo inachomaka."

Tukapanda pole pole. Miye nikataka zaidi, juu ya kuogopa essence itaisha.

"Tuongeze tena, Papa Kambale."

"Hapana, dada. Yenye kuanguka mu njia haiko na mbio."

Montaji ikaendelea, na yeye akaanza kusema bila miye kumuuliza. Siku ile ya kukimbia vita, mulirudi mbio ku studio juu ya ordinateri, weye ukaingia ndani, yeye akabaki ku kamiyo, ile lori ya kukimbiza watu, kuishikilia isiende. Mu kamiyo mulikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Risasi zikakaribia, shofere akaiondoa. Kambale akaruka chini mbele ya kufika Kitshanga, akarudi kwa miguu. Akakuta mulango wazi, weye hauko. Akakutafuta kati ya wafu, kaka. Kisha vita kuisha alikuja kukuelezea, na kila mara ulimufungia mulango.

Sikujua. Na weye pia haukutaka kujua. Ile haya yangu sikujua pa kuiweka.

Niliporudi ku studio, Mama Nyota aliona binti yake akicheza. Alicheka, akapiga mikono, alafu akashika ekra na viganja vyote viwili kama uso wa muntu. "Rudisha tena," akasema. Nikarudisha mupaka essence ikaisha.

Wakati naondoka kwa Kambale, aliniuliza kitu moja tu: kaburi yako iko upande gani. Tuko mu muji moja, na hajui.

Nilibeba kasha, nikatoka mbio. Lakini Jumapili, kisha misa, nitaenda kumuchukua kwake mwenyewe, mbele ya soko yote, nimulete ku kaburi yako. Nitasimama mbali kidogo, musikilizane. Ukiwa na hasira, uimalizie kwangu miye. Yeye simurudishi tena.

Ulale, kaka yangu.

Furaha