Ndoo Mbili kwa Tuta Moja

Mpendwa mama mkwe,

Kwa miaka yote tuliyojuana sikuwahi kukuambia sentensi nzima. Kwetu mwanamume hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona njiani huingia porini, na kama porini kuna miiba hiyo ni shauri yake. Niliyotaka kukuambia yalipitia kwa Nyanjura, binti yako na mke wangu. Yako kwangu yalipitia kwa kuku. Leo nakuandikia moja kwa moja kwa sababu umeshatutoka, hayupo tena wa kumkimbia, na kwa sababu nyanya zangu hapa Makoko zimeanza kugeuka njano.

Unakumbuka tulivyohamishiwa kijiji kipya, upande wa Manyamanyama. Zamani kati ya mji wako na wangu kulikuwa na kilima kizima, na heshima ilikuwa kazi rahisi. Waliopima viwanja walivuta kamba, wakapanga nyumba kwa mistari, wakatugawia namba. Yako ilifuata yangu. Nilimwendea balozi wa nyumba kumi nikamweleza kwamba huyo ni mama mkwe wangu. Akafungua daftari.

"Ndugu, hapa hakuna mkwe. Kuna namba."

Jioni ileile nilimwona yeye mwenyewe akiruka mtaro, maana mama mkwe wake alikuwa anatoka kisimani.

Ulishuka kwenye lori na chungu, jembe, na mbegu za nyanya ulizofunga kwenye pindo la kanga. Zilikuwa za mama yako. Ulizipanda zote, tuta moja nyuma ya nyumba, kando ya wigo wa minyaa uliotutenganisha. Nyanjura alikulaumu kwa kutobakiza hata punje, nawe ukamjibu, "Mbegu iliyofungwa haizai." Kwa hiyo tuta lile likifa, mbegu ya mama yako imekwisha. Ulilijua, nililijua, na hatukuweza kuambiana.

Majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Kisha yaliyofuata. Siku moja ukiwa kanisani nililala kifudifudi nikayakagua mgongoni: hapakuwa na madoa wala wadudu. Yalikuwa yamelegea tu.

Wataalamu hawakukosekana. Balozi alisema ni njaa ya mbolea, na kwa kuwa kwetu ng'ombe ndiye jibu la kila swali, ukaletewa samadi mbichi, bado ina mvuke. Miche miwili ya pembeni iliungua. Bibi wa nyumba ya pili akasema, "Hapa kuna mtu ana jicho," huku akiutazama wigo wangu.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni kiu. Goti lilikuuma na kisima kilikuwa mbali. Kila jioni, ukiwa ndani unasonga ugali, nilipenya kwenye minyaa na ndoo, nikamwagilia, nikarudi. Udongo wa juu niliukuta mkavu. Njano ilipozidi, nikaongeza ndoo ya pili. Sikumwambia hata Nyanjura, maana kazi ya mkwe haitangazwi.

Ulichokifanya wewe alfajiri sikukijua, mpaka bwana shamba alipokuja kutoka Bunda kwa baiskeli. Hakutazama majani. Alichomeka kidole ardhini, kikatoka na tope. Aling'oa mche mdogo kuliko yote. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inanuka.

"Nani anamwagiliaga hapa?"

Ulikuwa mlangoni, umeupa wigo mgongo. "Mimi. Alfajiri, ndoo mbili. Zikizidi njano naongezaga."

"Na jioni?"

Nilikuwa nyuma ya minyaa, nimesimama kama mtu mwenye shughuli nyingine. Nikakohoa. "Ndoo mbili."

Bwana shamba akautazama wigo, akautazama mlango. "Mnakaa hatua kumi. Hamuwezi kuulizana?"

"Hatuwezi," tukajibu pamoja. Ndilo neno pekee tulilowahi kusema kwa sauti moja.

"Basi hizi nyanya hazina kiu. Zinazama. Mizizi nayo inapumua."

Dawa yake haikuwa na miujiza. Tusitie maji mpaka kidole kitoke kikavu. Tuchimbe mfereji wa kutoa maji, tulegeze udongo, tuondoe majani yaliyokwisha, na samadi ikae mpaka inukie udongo. Kisha amwagilie mtu mmoja. Ukainama kwa kuku aliyekuwa miguuni pako.

"Kuku, mwambie mwenye ndoo ya jioni apumzike. Lakini mfereji achimbe yeye."

Niliuchimba Jumapili, ukiwa kanisani. Majani ya njano hayakurudi kijani, yalianguka. Machipukizi ndiyo yaliyokuja kijani. Miche minne ilipona, na baada ya mavuno nilikuta kwenye minyaa, upande wangu, kitambaa kimefungwa fundo. Ndani mlikuwa na mbegu. Kuku alikuwa hapo karibu, anachakura.

Kuna swali moja nimelibeba tangu siku ile. Kila alfajiri ulikuta tuta limelowa. Nyanjura aliniambia ulidai ni umande. Mama, katika kazi yangu ya habari nimeripoti hali ya hewa ya mkoa huu kwa miaka mingi, na Bunda wakati wa kiangazi haina umande wa ndoo mbili. Nadhani ulijua, na hukutaka kuniaibisha. Ulikuwa tayari kuhatarisha mbegu ya mama yako kwa ajili ya heshima yangu. Kama ni hivyo, lilikuwa kosa kubwa la kilimo, na nakushukuru.

Wiki iliyopita nilibeba ndoo kwenda kwenye nyanya zangu, za mbegu ileile. Majani ya chini ni njano, bila madoa. Nikaiweka ndoo chini, nikachomeka kidole. Tope. Nikauliza hewani ni nani anamwagilia. Nikamsikia mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, jikoni nyuma ya mlango.

"Kuku, mwambie baba ni mimi. Alfajiri."

Nilikwenda kuchukua jembe, nikaanza mfereji.

Mkweo,
wa ndoo ya jioni