Taa ya Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: namwonea wivu yatima.

Nimemaliza vyombo. Nje, Mama na Nyangeta wanachambua mchicha, wanacheka kwa Kiikizu. Mimi Kiikizu najua salamu tu. Nilisomeshwa Kiswahili na Kiingereza. Nyangeta ni mtoto wa marehemu mama mdogo. Alikuja kutoka Mugeta na begi moja na mbegu za choya za mama yake, zile za juisi nyekundu, akazipanda zote nyuma ya jiko. Sasa Mama anaziulizia hizo choya kuliko anavyoniulizia shule.

Pasaka tunaenda Butiama kwa bibi. Eti Nyangeta ndiye atabeba choya za kwanza.

Sitaki.

Jumanne, 4 Machi

Bailojia. Kumbe kuna mimea inapimaga urefu wa giza ndipo itoe maua. Choya ni mmojawapo. Usiku ukiingiliwa na taa, inaota majani tu. Darasa zima walisinzia. Mimi sikusinzia.

Jioni nimewasha taa ya nyuma ya jiko. Sikuizima.

Alhamisi, 20 Machi

Choya za jirani zimejaa vitumba. Za Nyangeta ni ndefu, majani matupu. Nimefurahi. Kweli kabisa.

Ila yeye ametoa kigoda, anasomea pale pale chini ya taa. "Dada, asante kwa kuniwashia. Ndani nilikuwaga naogopa kukusumbua."

Mama akanisifia mbele ya wapangaji: "Huyu wangu ana roho nzuri, jamani!"

Nimeacha ugali mezani, nimekuja kuandika.

Jumamosi, 5 Aprili

Nyangeta kachukua jembe. "Mama mkubwa, hizi mbegu zimekufa na mwenyewe. Bora tupande mchicha." Mama kambembeleza asubiri kesho, baada ya kanisa. Wakakumbatiana. Hata hapo niliona wivu. Nina nini mimi?

Hakubakiza mbegu hata moja. Nimemuuliza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimesema kichwa kinauma, nikabaki. Nimetoa balbu. Zikipata giza zitachanua, ila Pasaka itakuwa imepita. Na balbu haimzuii mtu mwenye jembe. Lazima aambiwe, na mdomo wangu naujua, hautafunguka.

Wamerudi. Kandambili za Nyangeta koridoni. Huwaga nalilalia hili daftari akiingia.

Leo naliacha wazi kitandani, kwenye ukurasa wa tarehe nne Machi.